Ngomeni, Mji wa Mchanga na Chumvi: Mambo Yampasayo Mgeni Kuyaona

Msafiri atokaye Malindi kwenda kaskazini huvuka daraja la Mto Sabaki, hupita Mambrui, kisha hufika Gongoni. Karibu na hapo huiacha barabara kuu iendayo Garsen, akashika njia ya kulia iendayo pwani. Baada ya mwendo mfupi nchi hubadilika. Minazi na mikorosho hupungua, miti huwa mifupi, ardhi huwa nyeupe, na mbele yake huonekana vilima vya mchanga na marundo ya chumvi yang'aayo juani. Safari yote toka Malindi ni kiasi cha kilomita 30, nayo huishia Ngomeni, mji wa wavuvi ulio juu ya rasi, hapo ianziapo Ghuba ya Ungwana.

Wako watu wasemao kwamba nchi hii ni jangwa tupu, wala haina la kumpendeza mgeni. Hapana shaka watu hao walipita upesi, jua likiwa kichwani. Jina la mji lenyewe lamtaka mgeni afikiri. Ngomeni maana yake ni mahali penye ngome. Lakini mtu akitafuta kuta kubwa za mawe, mfano wa Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, hataziona. Ngome iulindayo mji huu ni ya mchanga na mikoko, nayo inabomoka. Kwa hiyo inafaa mgeni aende kuitazama, tena ajue namna ya kuitazama bila ya kuwa mmoja wa wabomoaji.

WAKATI WA KWENDA

Wakati mwema ni msimu wa kaskazi, toka Desemba hata Machi, bahari inapotulia na mashua ndogo ziwezapo kwenda mbali. Kusi inapovuma, mawimbi huwa makubwa na mchanga huruka hata ukaingia machoni na katika chakula. Mvua za masika, ambazo aghalabu huanza Aprili, huifanya njia ya kando kuwa matope matupu.

Mgeni na achukue maji ya kunywa ya kumtosha, kwa kuwa visima vingi vya upande huu vina maji ya chumvi. Achukue pia kofia na viatu, maana mchanga wa saa sita mchana huunguza nyayo. Chakula hakitamsumbua. Penye wavuvi hapakosi samaki, na wali wa nazi kwa kamba waliovuliwa asubuhi ile ile ni chakula ambacho mtu wa mjini hukitafuta kwa fedha nyingi.

VILIMA VYA MCHANGA

Jambo la kwanza ni kupanda juu ya kilima cha mchanga alfajiri, kabla jua halijawa kali. Upande mmoja mgeni ataona bahari, upande wa pili mikoko na madimbwi ya chumvi. Chini ya miguu yake ataona mchanga uliopangwa na upepo kwa mistari kama shamba lililolimwa, na nyayo za kaa na ndege waliopita usiku.

Mkulima wa bara anayesimama hapo angefaa kuuliza mchanga huu watoka wapi. Sehemu yake haikuzaliwa pwani. Mto Sabaki huanzia karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupita Ukambani, huitwa Galana katikati ya njia, ndipo uitwe Sabaki unapokaribia bahari. Mvua zinaponyesha bara, mto hugeuka mwekundu kwa udongo wa mashamba yasiyo na matuta. Udongo huo na mchanga wake humwagwa baharini kaskazini ya Malindi. Mawimbi huusukuma mchanga ufukoni, jua huukausha, na upepo huupandisha hata ukawa kilima. Basi mkulima wa Machakos aweza kusimama pwani akakanyaga mali iliyotoka katika bonde la mto wake.

Hata hivyo, kilichokuwa hasara bara kimekuwa kinga pwani. Kilima cha mchanga ni ukuta. Bahari ikichafuka, mawimbi hula mchanga wa mbele, na ulio nyuma huteremka kuziba pengo. Kiushikacho mchanga huo usitawanyike ni mimea tu, kama vile mlakasa, mmea wenye maua ya zambarau utambaao juu ya mchanga na kuufunga kwa mizizi yake. Mtu akiukanyaga kila siku hufa, na mchanga hupeperuka. Mtu akija na gari akachota mchanga wa kujengea, huondoa ukuta wenyewe. Hayo si maneno ya kutisha watoto. Katika Ngomeni bahari imekwisha kula ardhi ya mji, na wako watu walioziona nyumba zao zikiingiliwa na maji. Kwa hiyo mgeni na apite katika vijia vilivyokwisha kupitwa, wala asiendeshe pikipiki wala motokaa juu ya vilima kwa mchezo.

MASHAMBA YA CHUMVI

Jambo la pili ni kuona chumvi inavyofanywa. Nchi iliyo baina ya Gongoni, Ngomeni na Marereni inafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa ni tambarare, udongo wake haupitishi maji upesi, jua ni kali, upepo haukomi, na mvua si nyingi. Sehemu kubwa ya chumvi itumiwayo jikoni katika Kenya hutoka hapa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ingawa ni ngumu kuifanya. Maji ya bahari huingizwa katika dimbwi kubwa lisilo na kina, kisha hupitishwa dimbwi baada ya dimbwi, huku jua na upepo vikiyapunguza. Katika kila lita moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi. Maji yanapozidi kupungua hayawezi tena kuichukua chumvi yote, nayo huganda chini kama mawe madogo meupe. Hapo hukusanywa, huoshwa, hurundikwa. Mgeni asiingie humo bila ya ruhusa. Lakini hata akisimama njiani ataona mengi, pamoja na ndege wa majini wanaotafuta chakula katika madimbwi.

Yafaa pia ajue kuwa chumvi hiyo ina upande wa pili. Kazi hii imewapa watu wengi mshahara, nayo vile vile imeleta manung'uniko ya miaka mingi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya mambo hayo, na katika taarifa yake ya mwaka 2006 iliandika malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi waliyoondolewa, mikoko iliyokatwa, na visima vilivyoingiwa na maji ya chumvi. Mtu atiaye chumvi katika mchuzi wake ana haki ya kujua habari hiyo.

MIKOKONI PAMOJA NA WAVUVI

Jambo la tatu ni kwenda mikokoni kwa chombo. Mgeni akifika bandarini asikimbilie kutoa fedha mfukoni. Kwanza awaamkie wazee. Aliyelelewa vema atasema, "Shikamoo, mzee," naye atajibiwa, "Marahaba, mwanangu. Karibu, watoka wapi?" Baada ya habari za safari na za nyumbani ndipo aseme haja yake. Aghalabu ataambiwa, "Ngoja, baba, maji yapande kwanza," wala asidhani kuwa anacheleweshwa. Maji yakipwa, vijito vya mikokoni hubaki tope tupu, na chombo hakipiti. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu hubadilika kidogo tu. Mvuvi huyajua hayo kwa kuutazama mwezi, kama karani ajuavyo siku kwa kutazama kalenda yake. Bei ya safari na ipatanwe kabla ya kupanda chomboni, ili pasiwe na maneno wakati wa kushuka.

Humo ndani mgeni ataonyeshwa kuwa mikoko si mti wa namna moja. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi mirefu kama miguu. Mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope mfano wa vijiti. Na mkandaa ulikuwa ukitumika tangu zamani kwa boriti za kujengea. Katikati ya mizizi hiyo kamba na samaki wengi hukaa wangali wadogo, kisha hutoka baharini wakikua. Akataye mikoko yote apate kuni za mwaka mmoja hukata pia samaki wa miaka ijayo, na huufungulia mji mlango wa mawimbi.

Jambo la kutia moyo ni kwamba miti hii hurudi ikipandwa na kutunzwa. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wenyeji wenye mradi uitwao Mikoko Pamoja wamekuwa wakipata fedha kwa kuilinda mikoko yao tangu mwaka 2013, na faida hutumika kwa maji na shule za vijiji vyao.

JUKWAA LILILORUSHA "UHURU"

Akiwa pwani, mgeni ataona baharini majukwaa ya chuma yaliyosimama juu ya miguu mirefu. Hapo ndipo Waitalia, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, walipoanza kurusha roketi za uchunguzi mwaka 1964. Baina ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa toka hapo kwenda kuizunguka dunia.

Kwa nini wakachagua mahali palipo kimya namna hii? Sababu ni mbili. Dunia huzunguka toka magharibi kwenda mashariki, na penye mstari wa Ikweta mwendo wake ni wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi irushwayo karibu na Ikweta kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure, ikahitaji mafuta machache. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, hivyo vipande vya roketi vikianguka havimwangukii mtu.

Satelaiti iliyopata sifa zaidi ilikuwa ya Wamarekani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, nayo ikapewa jina la Kiswahili, "Uhuru". Ilikuwa ya kwanza katika ulimwengu kuwekwa kwa kazi moja tu ya kuchungua miali ya eksirei itokayo katika nyota, na kwa msaada wake wataalamu waliorodhesha zaidi ya vyanzo 300 vya miali hiyo. Siku hizi roketi hazirushwi tena, bali kituo kilichoko nchi kavu hufuatilia satelaiti na kupokea habari zake. Atakaye kuingia sharti aombe ruhusa mapema.

MERIKEBU ILIYOLALA CHINI

Bahari hiyo hiyo inaficha jambo jingine. Mwaka 2013 mabaki ya merikebu ya kale yalijulikana chini ya maji karibu na Ras Ngomeni, pamoja na pembe za ndovu na vipande vya shaba. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nchi nyingine wameichunguza. Katika maandishi yaliyotolewa mwaka 2024 walisema kwamba huenda ikawa ni São Jorge, merikebu ya Wareno iliyopotea mwaka 1524 katika safari ya mwisho ya Vasco da Gama kwenda India. Bado halijathibitishwa.

Mgeni hawezi kuiona merikebu hiyo, lakini aweza kuisaidia. Vitu vya kale vinalindwa na sheria. Akiokota kigae au sarafu ufukoni asikitie mfukoni, bali aitoe habari kwa watu wa Makumbusho. Karibu na hapo, katika Mambrui, sarafu moja ndogo ya Kichina iliyopatikana mwaka 2010 iliongeza ushahidi wa biashara ya kale baina ya China na pwani hii. Kama ingaliokotwa na mpita njia akaiuza, habari yake ingalipotea pamoja nayo.

MARAFA, NA KURUDI

Mwenye siku ya pili na apande bara kwenda Marafa, akatazame bonde liitwalo Nyari. Mvua za miaka mingi zimeuchonga udongo na mawe laini hata pakawa na nguzo na kuta za rangi nyeupe, za njano na nyekundu. Wenyeji husimulia kwamba hapo paliishi jamaa wenye ng'ombe wengi, walioyaoga maziwa badala ya kuyanywa, ndipo ardhi ikawameza. Wakati mwema ni jioni, joto linapopungua, na kiongozi ni kijana wa pale pale anayezijua njia.

Ukiitazama hadithi ile pamoja na mambo ya Ngomeni, utaona yanakwenda pamoja. Udongo, mchanga, mikoko na maji matamu ni mali iliyoonekana haina mwisho, ndiyo sababu ikatumiwa ovyo. Mgeni arudiye toka Ngomeni hana haja ya kuchukua kombe wala chupa ya mchanga. Akiwa mkulima, na arudi akachimbe matuta katika shamba lake, ili mto uteremke safi. Akiwa karani, na awaeleze wenzake ofisini kwamba chumvi iliyo mezani pao ina kwao, na kwamba watu wa huko wanautazama kila bamvua mstari wa maji, waone umepanda hatua ngapi tangu mwaka uliopita.