Sauti ni Yake, Maneno Si Yake

[SAUTI: Injini ya boti, wapagazi wakiitana, maji yakipiga ukingo. Zishushwe taratibu.]

MTANGAZAJI: Leo tunaanzia Bandari ya Juba, kando ya Nile Mweupe. Hapa ndipo maboti na matishari yanapopakia mizigo na watu wanaoteremka na mto kuelekea Bor na Malakal. Safari ya Malakal huchukua siku kadhaa, tena hupita katikati ya vinamasi vya Sudd, ambako sehemu kubwa ya njia simu haishiki mtandao. Ukumbuke hilo la mtandao, maana ndilo lililotuleta hapa.

Chukua mfano huu. Wewe uko Kakuma. Jana dada yako alikupigia simu akasema anapanda boti hapa Juba, anakwenda Malakal kumtafuta mama. Leo simu yako inapata ujumbe wa sauti kutoka namba usiyoijua. "Kaka, wamenizuia bandarini. Simu yangu imechukuliwa, natumia ya mtu. Nitumie pesa sasa hivi, boti inaondoka." Sauti ni yake kabisa. Hata namna anavyolivuta jina lako mwishoni ni yake. Unapiga ile namba yake ya zamani, haipatikani. Unakopa kwa jirani, unatuma. Siku ya nne dada anapiga kutoka Malakal, mzima, na habari ya pesa hana.

Huu ni mfano tu, lakini chombo cha kufanyia kazi hiyo kipo. Kinaitwa akili bandia, na ndugu zetu wa Tanzania wengine huiita akili mnemba.

Jina lisikutishe. Mashine haina akili kama yako. Imelishwa maandishi, picha na sauti kwa wingi usiohesabika, ikajifunza kipi hufuata kipi. Ukiiuliza swali, inakisia jibu neno kwa neno. Ukiipa sauti ya mtu, inashika mlio wake, pumzi zake, mahali anapopandisha na anaposhusha, kisha inasoma kwa sauti hiyo maneno yoyote utakayoiandikia. Mwezi Machi 2024 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitangaza programu inayoweza kuiga sauti ya mtu kwa rekodi ya sekunde 15 tu. Kampuni yenyewe ikasema haitaiachia kila mtu, kwa kuogopa itakavyotumiwa. Lakini programu za namna hiyo zilikuwa tayari ziko nyingi. Sekunde 15, msikilizaji! Salamu zako za asubuhi kwenye kundi la WhatsApp ni ndefu kuliko hapo.

Jirani zetu wa Sudan wameshayaona. Mwaka 2023, vita ikiwa imepamba moto, akaunti moja ya TikTok iliyojiita Sauti ya Sudan ilianza kutoa rekodi za Omar al-Bashir, rais aliyepinduliwa 2019. Bashir alikuwa hajaonekana hadharani kwa muda wa mwaka mzima, na watu walikuwa na kiu ya kumsikia. Rekodi zile zilisikilizwa mara laki kadhaa. Waandishi wa BBC walipochunguza, wakakuta maneno yale yalisemwa kwanza na mtu mwingine kabisa, mchambuzi wa siasa katika matangazo yake ya mtandaoni. Yalikuwa yamevishwa sauti ya Bashir. Angalia ujanja wake: walimchagua mtu ambaye hakuna awezaye kumpigia simu kumuuliza. Sawa na dada yako akiwa katikati ya Sudd.

[SAUTI: Honi ya boti, mara moja.]

Kwa mtu wa kambini hatari si pesa pekee. Ujumbe unaweza kusema, "Rudini nyumbani, njia ni salama." Au, "Kabila fulani wamewaua watu wetu jana usiku." Hapa Juba tunajua picha inaweza kufanya nini. Januari 2025 zilisambaa video za raia wa Sudan Kusini wakiuawa huko Wad Madani, Sudan. Zile hazikuwa za mashine. Hasira ikapanda, na kwa siku mbili maduka ya Wasudani yakavunjwa. Polisi walisema Wasudani 16 waliuawa, watu ambao wengi wa namna yao walikuja hapa kukimbia vita ile ile. Serikali ikatangaza watu wasitoke usiku, kisha tarehe 22 Januari ikaamuru Facebook na TikTok zifungwe. Zilifunguliwa baada ya siku chache, lakini kwa siku hizo waliokuwa wakiwasiliana na ndugu zao kwa njia hiyo walikatika pamoja na wachochezi. Ikiwa video za kweli zilileta hayo, fikiria mtu mwenye nia mbaya anayeweza kutengeneza za uongo akiwa amekaa chumbani kwake.

Tusiipake matope yote, hata hivyo. Mto huu huu ulio mbele yetu una faida yake. Maji yanayopita hapa yanatoka Ziwa Victoria, yanapita Uganda na Nimule. Mei 2024 ziwa hilo lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa, na Sudan Kusini ikaanza kujiandaa kwa mafuriko. Google ina mfumo wa akili bandia unaokisia mafuriko ya mito hadi siku saba kabla, na tangu 2022 Sudan Kusini imo. Siku saba zinatosha kuhamisha mbuzi na magunia. Tatizo ni kwamba onyo liko kwenye intaneti, na mwenye mbuzi hana intaneti. Mpaka mtu alichukue, alitafsiri, alisome redioni.

Na kutafsiri, tahadhari. Mashine inajua Kiingereza sana, Kiswahili kiasi, Kiarabu cha Juba, Kidinka na Kinuer kidogo mno. Ikikosea haisemi "sijui". Inatunga jibu kwa ujasiri mkubwa. Ikusaidie kusoma tangazo, sawa. Maelezo ya kwa nini ulikimbia nchi yako usiiachie, omba mkalimani.

Je, sheria? Zipo, ingawa mapengo ni mengi. Umoja wa Ulaya una sheria ya akili bandia iliyoanza kuwa na nguvu ya kisheria Agosti 2024, inayotaka sauti na picha za kughushi zitambulishwe kuwa ni za mashine. Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wake Julai 2024, lakini mkakati haumpeleki mtu mahakamani. Kinachokugusa zaidi kiko karibu: Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania 2022. Sheria ya Kenya inakupa haki ya kutokubali uamuzi mzito juu yako ufanywe na mashine peke yake, bila mtu kuupitia. Haisemi "raia". Kwa hiyo ukiambiwa "kompyuta imekukataa", una haki ya kuuliza nani aliyeipitia kesi yako, na kwa taarifa zipi.

Lakini tapeli hasomi sheria. Kwake tumia mambo ya nyumbani. Leo, kabla ya kulala, kubaliana na watu wako swali la siri. Lisiwe jina la mama wala kijiji, hayo yako mitandaoni. Liwe jambo dogo: yule mbuzi aliyekula daftari alikuwa wa nani? Sauti ikija na haraka na pesa, uliza swali hilo. Ikikwepa, kata simu. Usijibu kwa namba iliyokupigia. Piga unayoijua, au mtafute mtu mwingine aliye na ndugu yako. Kama mmepoteana kabisa, Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa bila malipo. Na anayekuomba pesa kwa jina la UNHCR, sauti yake iwe ya nani, ni mwongo: huduma za UNHCR haziuzwi.

Ujumbe wa mauaji au wa "rudini nyumbani", usiusambaze kabla hujampata mtu aliyekuwa hapo kwa macho yake.

[SAUTI: Injini inawaka, boti inaondoka.]

Hilo boti ndilo linaondoka sasa, msikilizaji. Waliomo watapotea hewani baada ya muda mfupi, na tutawasikia tena wakifika. Kutoka Bandari ya Juba, tukutane kipindi kijacho.

[MUZIKI WA KUFUNGA]