Waokoaji na hatari ya mlipuko wa pili

Watu wote 300 waliokuwamo katika ndege ya shirika la Emirates iliyoanguka kwenye uwanja wa kimataifa wa Dubai tarehe 3 Agosti 2016 walinusurika. Aliyepoteza maisha ni askari wa zimamoto aliyekuja kuwaokoa.

Ndege hiyo, Boeing 777 iliyotoka Thiruvananthapuram, India, iligonga njia ya kurukia wakati marubani walipojaribu kuipaisha tena baada ya kushindwa kutua. Moto ulizuka, na abiria wakaanza kutoka.

Dakika tisa na ushei baada ya ndege kusimama, tangi la mafuta la katikati lililipuka. Sehemu kubwa ya bati la juu la bawa la kulia ilirushwa hewani, na ilipoanguka ikampiga Jasim Issa Mohammed al-Baloushi. Rubani mkuu na kiongozi wa wahudumu walikuwa bado ndani wakihakikisha kwamba hakuna abiria aliyesalia.

Wengi hudhani kwamba tangi lililojaa ndilo la kuogopwa. Kinyume chake, tangi lenye mafuta machache huwa na nafasi kubwa ya mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa na kupashwa joto na moto ulio nje, huweza kulipuka ghafla.

Ndiyo maana waokoaji hufundishwa kusimama kwa mbali kwanza. Hutazama upepo unakoelekea ili wakaribie kutoka unakotoka, hujiuliza ni nini kinachoungua, na, swali gumu zaidi, ni nini ambacho bado hakijaungua. Jibu la dakika ya kwanza huenda lisifae dakika ya tano. Kwa hiyo maswali hayo hurudiwa hadi kazi iishe.

Afrika Mashariki, anayefika wa kwanza aghalabu si askari wa zimamoto, bali ni jirani au mwendesha bodaboda. Karibu na Molo, Kenya, Januari 2009, na huko Morogoro, Tanzania, Agosti 2019, malori ya mafuta yalipinduka na watu wakayakaribia, wengi wao wakichota petroli. Katika kila mkasa zaidi ya watu 100 walifariki. Si haki kuwalaumu kwa ujinga pekee: umaskini nao ulikuwapo. Hata hivyo, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini pasipo kuonekana, na cheche moja ya pikipiki yatosha kuuwasha.

Anayefika wa kwanza anaweza kusaidia bila kusogea. Azuie wengine, azime injini, kisha apige simu: 114 nchini Tanzania, 997 huko Dubai. Lori likiwa na kibao cha rangi ya chungwa, asome namba iliyoandikwa chini akiwa mbali na kuwatajia zimamoto. Namba 1203, kwa mfano, ni petroli.