MTOTO ASIYEJUA KISWAHILI DARASANI TUMSAIDIEJE?



Mbangala yetu, kama sehemu nyingine za Wilaya ya Songwe, ina lugha nyingi. Wapo wanaozungumza Kibungu, Kinyiha na Kisafwa. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia na ng'ombe wao, na machimbo ya dhahabu huleta watu wa kila upande. Mtoto wa miaka 5 aliyekulia zizini anafika madrasa Kiswahili hakijui. Anakaa kimya. Wenzake wanamwita mjinga.

Mjinga wapi! Msikilizeni kwenye harufi. Hakuna katika sisi aliyezaliwa akijua kutamka 'ain na dhad. Hapo wote wanaanza mstari mmoja, na mara nyingi huyo mnayemcheka ndiye anayetamka vizuri. Anaachwa nyuma pale ustadhi anapoeleza. Chukueni somo la udhu. Kwa madhehebu ya Shafi faradhi zake ni 6: nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka maji kichwani, kuosha miguu mpaka vifundoni, na kufuata utaratibu. Mtoto asiyejua "kiwiko" wala "kifundo" atakariri orodha yote na sala yake bado itakuwa mashakani. Basi tutoke nje na birika. Ustadhi aoshe, aguse kiwiko, akitaje, na mtoto afanye vilevile. Maneno yatafuata mkono. (Fimbo haijawahi kumfundisha mtu maana ya neno.)

Kimya chake pia kisitutishe, kwani anasikiliza. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha kuwa watoto wahamiaji hupata lugha ya mazungumzo kwa miaka 2 hivi, lakini lugha ya masomo huwachukua miaka 5 hadi 7. Kwa hiyo anayepiga soga vizuri uwanjani bado anaweza kupotea katika somo la fiqhi.

Walimu nasi tujifunze. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa nusu mwezi, kama alivyopokea Tirmidhi. Sisi maneno 20 yanatutosha. Kisukuma hakiko mbali: ng'ombe ni ng'ombe, mbuzi ni mbuli, nyumba ni numba. Ukimwambia mtoto "Mwangaluka" asubuhi, uso wake utafunguka kabla ya msahafu.

Nanyi wanafunzi wakubwa mnaojua lugha zote mbili, kaeni naye jamvi moja, mumnong'oneze maana, bila kumjibia kila swali.

Wazazi wengine wanaacha lugha ya nyumbani wakidhani inamzuia mtoto. Hatukubaliani nao. Mwenye maneno mengi ya mama yake ana pa kuyapachika ya Kiswahili. Endeleeni kumsimulia hadithi. Na siku mnapomleta kuandikishwa, mtuambie nyumbani mnazungumza lugha gani na kama ana ndugu ambaye tayari anasoma hapa, tuwakalishe pamoja.