Mama Mfanyakazi na Haki ya Mtoto Anyonyaye

Kabla adhana ya alfajiri haijakoma, mama mfanyakazi wa Dar es Salaam huwa amekwisha kuinjika uji wa wakubwa na kumkamulia mtoto wake mchanga maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko, amkabidhi nyanya yake, kisha alikimbilie daladala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo yafaa kila mwajiriwa wa Tanzania Bara aifahamu, imempa mzazi huyu likizo ya malipo ya siku 84, au siku 100 akijaaliwa watoto zaidi ya mmoja kwa uzazi mmoja. Na akirejea kazini, mwajiri hana budi kumruhusu anyonyeshe, kwa muda usiozidi saa 2 kila siku. Lakini siku 84 ni wiki 12 tu, ilhali matabibu wanausia mtoto asipewe ila maziwa ya mama hata atimize miezi 6.

Taabu ya muda huo uliobaki hupunguzwa kwa maarifa na msaada. Maziwa yaliyokamuliwa hudumu saa chache tu katika joto la pwani, na siku kadhaa katika friji. Wala hayachemshwi, bali chombo chake hutiwa ndani ya maji ya moto. Baba naye, ambaye sheria imempa siku 3 za likizo, asidhani wajibu wake umekwisha zikiisha: kuosha vyombo na kubembeleza mtoto usiku si aibu kwa mwanamume, bali ni ihsani, na ni haki ya mkewe.