Likizo ya kisiwani, na mama naye apumzike

Shule zinapofungwa mwezi Desemba, familia nyingi za Mazinde huelekea kwa jamaa: wengine hupanda Lushoto, wengine huteremka Tanga. Ni desturi njema, kwa kuwa kuunga udugu ni katika mambo tuliyousiwa. Hata hivyo, zipo familia zinazowaza jambo jingine: babu, bibi, wazazi na watoto kukusanyika kwa siku chache katika nyumba moja ya kupanga, mahali patulivu kando ya bahari. Fikra hiyo si ya anasa kama wengi wanavyodhani, mradi itanguliwe na mashauriano. Na katika mashauriano hayo lipo swali ambalo aghalabu husahaulika: je, likizo hiyo ni ya nani?

Katika visiwa vitulivu vya bahari ya Mediterania, kama Gozo kilicho jirani na Malta, familia hukodi nyumba nzima badala ya vyumba vya hoteli. Hujipikia, hula pamoja na hulala chini ya paa moja. Tukiutazama utaratibu huo kwa jicho letu, tutaona kwamba unatufaa mno. Nyumba yenye ua uliozungushiwa ukuta humpa mwanamke sitara. Hakuna ulevi ukumbini, wala macho ya wasio maharimu. Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Kisiwa chetu kitulivu kipo ng'ambo ya Tanga, nacho ni Pemba, ambacho Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani.

Njia na majira

Watu wa Mazinde na watu wa pwani hawakuanza kujuana leo. Katika karne ya 19, Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake Mazinde, uwandani penye njia ya misafara, ilhali mji mkuu wa Wakilindi ulikuwa Vuga, mlimani. Biashara na pwani ndiyo iliyompa nguvu. Leo safari ni ya basi: Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, hadi Tanga.

Kutoka Tanga kwenda Pemba vyombo vya abiria havivuki kila siku, na ratiba hubadilika. Kwa hiyo msilipie nyumba kabla ya kuthibitisha siku ya chombo, ya kwenda na ya kurudi. Njia nyingine ni kupitia Dar es Salaam na Unguja, ambayo ni ndefu na ina gharama zaidi. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake, na watoto wachukuliwe vyeti vya kuzaliwa.

Majira nayo yapimwe. Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi, ambapo mkondo wa Pemba huchafuka na wasioizoea bahari hupata taabu. Desemba upepo wa kaskazi huwa umeanza, ingawa mvua za vuli huenda zikawa hazijakwisha. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haifai.

Nyumba ya kuchagua

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwombeni mtu mnayemwamini, aliyeko kisiwani, aione nyumba kwa macho yake. Aulize: vyumba vinatosha wavulana walale mbali na wasichana? Bibi asiyeweza kupanda ngazi ana chumba cha chini? Maji yanatoka, au yanachotwa kisimani? Vyandarua vipo? Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010. Hata hivyo ni hekima kubeba taa za kuchaji.

Fedha zisitokane na mkopo wa riba. Nyumba tatu za ndugu zikiweka shilingi 20,000 kila moja kwa wiki, baada ya wiki 24 zitakuwa na shilingi 1,440,000. Kiasi hicho kikipatikana ndipo idadi ya siku ipangwe. Kinyume chake, kupanga siku kwanza na kutafuta fedha baadaye, ndiko kunakozaa madeni na manung'uniko.

Bahari na kalenda ya Hijria

Watoto waliokulia chini ya milima ya Usambara wengi hawajui kuogelea. Hapa kalenda ya Hijria itawasaidia. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa ni maji ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Karibu na tarehe 7 na 22 huwa maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Waulizeni wavuvi saa za maji na mahali pa salama, na mtu mzima asiwaondoe macho watoto.

Siku moja itengwe kwa msitu wa Ngezi, kaskazini mwa kisiwa, na siku nyingine kwa popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani. Ras Mkumbuu yapo magofu ya msikiti wa kale. Ni darsa la historia kwa vijana wanaodhani Uislamu wa pwani ni wa jana.

Kuhusu swala, msafiri ana ruhusa ya kupunguza. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu anapofika. Muulizeni imamu wenu kabla ya kuondoka.

Likizo ya nani?

Sasa turejee kwenye swali letu. Nyumba ya kupanga ina jiko, na jiko lina mwenyewe. Baba atakwenda kutazama mashua, watoto watacheza mchangani, naye mama atapika chai ya watu kumi, aoshe vyombo, kisha aanze kubandika wali. Kilichobadilika kwake ni jiko tu. Safari ya namna hiyo imewapumzisha wote isipokuwa yule aliyechoka kuliko wote.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Amepokea Bukhari. Basi zamu za jikoni ziandikwe kabla ya safari, na majina ya wanaume na wavulana yawemo. Wao waende diko asubuhi kununua samaki, na wao wawaparuze. Vyakula viwe vyepesi. Uwezo ukiruhusu, aajiriwe mpishi mwanamke wa hapo kijijini kwa siku kadhaa, alipwe ujira wake kwa wakati bila kupunjwa. Mama apumzike, na jirani naye apate riziki.

Mama naye aulizwe mapema, mbele ya wote, anataka kufanya nini huko. Huenda akataka kulala tu baada ya Alfajiri, bila ya mtu kumwita. Hilo nalo liandikwe kwenye ratiba.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za kheri na zituzidishie mapenzi majumbani mwetu. Amin.