Je, Wajua? Siri za Matrekta Makongwe ya Kuchimbia

Trekta lenye ndoo pana mbele na mkono wa kijiko nyuma halikosekani penye ujenzi, na wengi huliita JCB hata likiwa la kampuni nyingine. Yapo yaliyotengenezwa miaka ya 1960 na 1970 ambayo bado yanachimba. Uzuri wake ni kwamba hayana kompyuta: karibu kila ugonjwa wake huonekana kwa macho, husikika au hushikika kwa mkono. Anayejua pa kutazama hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Je, wajua kwamba mkono wa kwanza uliuzwa kwa dola 705?
Mitambo ya kale ya kuchimba iliendeshwa kwa mvuke na kuvutwa kwa minyororo na kamba za chuma. Mmarekani William Otis alipata hataza ya koleo la mvuke mwaka 1839. Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Vaino Holopainen na Roy Handy, walibuni mkono mdogo unaosukumwa na mafuta yenye shinikizo, wa kufungwa nyuma ya trekta la shamba. Aprili 1948 kampuni yao, Wain-Roy, iliuza wa kwanza kwa kampuni ya umeme ya Connecticut Light and Power. Ulifungwa kwenye Ford 8N, trekta dogo lililotengenezwa kwa idadi ya zaidi ya nusu milioni.

Je, wajua kwamba JCB ilikulia katika kiwanda cha jibini?
Joseph Cyril Bamford alianza kazi tarehe 23 Oktoba 1945 katika gereji ndogo ya kukodi mjini Uttoxeter, Uingereza, siku ileile aliyozaliwa mwanawe Anthony. Kitu cha kwanza alichounda ni tela la shambani, kwa vyuma vilivyobaki baada ya vita. Mwaka 1950 alihamia kijiji cha Rocester, katika jengo lililokuwa kiwanda cha jibini, na mwaka 1953 akatoa mtambo wake wa kwanza wa kuchimba, uliojengwa juu ya trekta la Fordson Major. Bamford alimjali aliyekaa kwenye kiti: aliweka soketi ya umeme ndani ya kibanda ili opereta achemshe chai, na wateja 100 wa mwanzo akawapelekea birika yeye mwenyewe.

Je, wajua kwamba si kila trekta lilizaliwa na mkono wake?
Zamani mteja alinunua trekta huku, ndoo kule na mkono kwingine, kisha fundi akaviunganisha. Mwaka 1957 kampuni ya J. I. Case ya Marekani ilitoa Model 320, ambayo trekta, ndoo na mkono vilitoka kiwanda kimoja vikiwa mtambo mmoja. Kwa mnunuzi wa leo tofauti hii ni kubwa. Mtambo wa kiwandani una fremu nzito inayopokea mishtuko ya kuchimba. Matrekta mengi ya shamba hayana fremu: injini, nyumba ya klachi na gia ndivyo mwili wenyewe, na kijiko kikivuta siku baada ya siku, vyuma hivyo hupasuka. Kwa hiyo ingia chini utafute fremu inayotoka ekseli ya nyuma kwenda mbele. Usipoiona, na mkono umening'inia tu kwenye pointi tatu za kufungia jembe, achana nalo. Kijiko kikikwama ardhini, mkono mzima unaweza kupanda na kumbana opereta kwenye kiti chake.

Je, wajua kwamba silinda nyembamba inaweza kusukuma tani 11?
Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10 ndani ina eneo la sentimita za mraba 78 na ushei. Ipe shinikizo la kilo 140 kwa kila sentimita ya mraba, la kawaida kwa mitambo ya zamani, nayo itasukuma kwa karibu tani 11. Nguvu yote hiyo inategemea mafuta safi. Chomoa kijiti cha kupimia: mafuta yaliyogeuka meupe yameingiwa na maji, na maji huua pampu.

Je, wajua kwamba pini husema ukweli kuliko rangi?
Rangi mpya hupakwa kwa siku moja. Viungo vilivyochakaa havifichiki. Mwambie muuzaji anyooshe mkono, ainue kijiko sentimita chache kutoka ardhini, kisha azime injini. Shika kijiko ukisukume kushoto na kulia huku ukitazama nguzo ya kati, mahali mkono unapozungukia. Ukiona chuma kinacheza ndani ya chuma, pini na bushi zimekwisha. Pini mpya ni kazi ndogo, lakini tundu likishakuwa na umbo la yai ni lazima lichongwe upya, na hapo gharama hupanda. Kisha acha mkono hewani injini ikiwa imezimwa, usimame mbali, usubiri. Ukishuka wenyewe haraka, mafuta yanapita kwenye sili za silinda au kwenye vali. Sili ni za bei nafuu, ila kagua pia fimbo zinazong'aa za silinda: fimbo iliyochubuka hula kila sili mpya utakayoweka. Malizia kwa kutafuta mistari ya kuchomelea kwenye mkono. Kiraka kilichofanywa vizuri si aibu. Ufa uliopita pembeni mwa kiraka ni onyo.

Je, wajua kwamba mita ya saa haihesabu saa za ukutani?
Umri wa trekta hupimwa kwa saa za kazi, si kilomita. Lakini mita nyingi za zamani huzungushwa na injini kwa kebo, hivyo hupatana na saa ya kweli katika mwendo mmoja tu wa injini. Trekta lililonguruma polepole kutwa nzima huandika saa chache kuliko lilizofanya. Tena kebo hukatika, na mita ikasimama miaka. Amini pedali za miguu zilizolika na usukani uliosuguliwa kabla ya kuamini namba.

Je, wajua kwamba tundu lisiloonekana linaweza kukukata mkono?
Mafuta yakiruka kutoka kwenye mpira wenye tundu dogo, shinikizo lake hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, maumivu huweza kuchelewa, lakini mafuta yanaua nyama ndani na mtu hukatwa kidole au mkono. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi au ubao, kamwe si kwa kiganja. Aliyepigwa na mafuta apelekwe kwa daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.

Je, wajua kwamba matrekta mengi makongwe hayamlindi dereva yakipinduka?
Sweden iliweka sheria ya vibanda vya usalama kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na Uingereza ikafuata mwaka 1970. Lililotengenezwa kabla huenda halina kinga. Pia nyenzo za kuendeshea hazifanani: mitambo mingine huzungusha mkono kwa pedali, mingine kwa wenzo wa kushoto. Opereta hodari wa mtambo mmoja huanza upya kwenye mwingine, kwa hiyo ajizoeze uwanjani, mbali na watu na nyaya.

Je, wajua kwamba udongo wa shimo ni mzito kuliko gari?
Mita moja ya ujazo ya udongo hufikisha tani moja na nusu, na ukuta wa mtaro huanguka bila kupiga hodi. Kanuni za Marekani hudai kinga katika mtaro wenye kina kinachozidi mita 1.5. Weka udongo uliotolewa mbali na ukingo, wala usimshushe mtu kwenye mtaro wenye kina kirefu usiotegemezwa.

Neno kwa mnunuzi
Fika kabla ya wakati mliopatana na uguse injini. Ikiwa ya moto, huenda muuzaji anaficha kwamba haiwaki ikiwa baridi. Rudi siku nyingine. Ukishanunua, nunua na pampu ya grisi siku hiyohiyo. Kila pini ina chuchu yake, na kila asubuhi itiwe grisi mpaka ile chafu itoke pembeni. Mikono mingi haikuuawa na uzee, ila kwa kunyimwa grisi, na kazi hiyo haihitaji fundi.