KANOUTÉ: MFUMANIA NYAVU ALIYEKATAA KUVAA KAMARI

Mpenzi wa kandanda husahau mengi. Husahau nani alikuwa refa, husahau mvua ilinyesha au haikunyesha, na pengine mwaka wenyewe humpotea. Lakini mfungaji hamsahau. Mwulize mzee wa Mombasa aliyekuwako Feisal ilipotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, atakuonyesha kwa mguu wake mwenyewe, hapo hapo alipo, jinsi mpira ulivyopigwa.

Leo, msomaji, nataka tuzungumze juu ya mfungaji ambaye mashabiki wake hawamkumbuki kwa mabao peke yake, ingawa aliyafunga kwa makumi na mamia. Naye ni Frédéric Oumar Kanouté, Mmali aliyeichezea Sevilla ya Uhispania tangu mwaka 2005 hadi 2012, kisha akaenda kumalizia mpira wake katika Beijing Guoan ya Uchina, na mwaka 2013 akatundika njumu.

Kanouté hakuvaa jezi ya klabu yoyote ya pwani yetu. Hata hivyo, tangu alipostaafu, jina lake halijaondoka katika baraza za Mji wa Kale na Majengo. Watu huanza na Salah, wakaja kwa Benzema, wakateta, wakapozana kwa kahawa, na mwishowe atatokea mtu aseme, "Lakini Kanouté, bwana!" Hapo baraza nzima hutikisa kichwa. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, yafaa tukumbushane kwamba mtu huyu alijulikana kwetu kwa kutuumiza. Ilikuwa Januari 2004, huko Tunisia, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Harambee Stars yetu ilipambana na Mali mjini Bizerte. Mali ikatangulia, Titus Mulama akasawazisha, nasi mbele ya televisheni tukaanza kukumbatiana. Furaha ile haikudumu. Jamaa mrefu, mwembamba, asiyekuwa na haraka, akafunga la pili, kisha akafunga la tatu. Mchezo ukaisha 3-1. Alimaliza mashindano yale na mabao manne, akiwa miongoni mwa waliofunga mengi zaidi, na Mali ikashika nafasi ya nne.

Wengi wetu tulidhani ni kijana wa Bamako. Kumbe alizaliwa Ufaransa, karibu na mji wa Lyon, mwaka 1977, baba yake akiwa Mmali. Alilelewa huko, akaanza mpira wake huko, na aliwahi kuzichezea timu za vijana za Ufaransa. Sheria za FIFA zilipolegezwa kidogo, alichagua nchi ya babake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu alikuwa na kwao mbili, akaifuata ile iliyokuwa na haja naye zaidi.

Sevilla ilimpata kutoka Tottenham ya Uingereza, ambako alikwenda baada ya West Ham. Klabu hiyo ilikuwa na jina la zamani na kabati tupu, kwani kikombe chake kikubwa cha mwisho kilikuwa cha mwaka 1948. Mei 2006 mjini Eindhoven, Sevilla iliitandika Middlesbrough 4-0 katika fainali ya Kombe la UEFA, na bao la nne likawa la Kanouté. Agosti mwaka huo huo waliishinda Barcelona 3-0 katika kombe la Super Cup la Ulaya, naye akatia moja. Mwaka 2007 walirudia Kombe la UEFA mjini Glasgow kwa kuishinda Espanyol kwa mikwaju ya penalti baada ya kutoka sare ya 2-2. Bao la pili la Sevilla lilikuwa lake, katika muda wa nyongeza. Mwezi uliofuata ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Getafe.

Na kama hayo hayakutosha, Agosti 2007 aliingia Santiago Bernabéu, nyumbani kwa Real Madrid, akaondoka na mabao matatu ya peke yake katika ushindi wa 5-3 uliowapa Sevilla kombe la Super Cup la Uhispania. Ndipo akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 2007, wa kwanza kupata heshima hiyo akiwa amezaliwa nje ya bara letu. Alipoiaga Sevilla alikuwa amefunga mabao 136 katika mechi 290, idadi ambayo mgeni yeyote kabla yake hakuifikia katika klabu hiyo.

Nayataja haya yote ili asije mtu akasema tunamsifu kwa sababu ya dini tu, na mpira hakuujua. La hasha! Mpira aliujua. Aliupokea kifuani kama mtu apokeaye mtoto, akautuliza, akautoa kwa mwenziwe, wala hukumwona akigombana na refa kila dakika.

Sasa tuje kwenye jezi.

Mwaka 2006 Sevilla ilipata mdhamini mpya, kampuni ya kamari ya kwenye intaneti, na jina lake likachapwa kifuani mwa kila mchezaji. Kanouté, aliyesilimu akiwa kijana, alisema kwamba jina lile hawezi kulivaa. Kamari ni haramu, na kila aliyepita chuoni ajua Surat al-Maida, aya ya 90, inavyoiweka sawa na ulevi. Basi zikachezwa mechi ambazo wenzake wote walikuwa na maandishi kifuani, na yeye kifua chake kikawa kitupu. Baadaye iliripotiwa kwamba yalipatikana maafikiano: ataivaa jezi ya wenzake, na kampuni itatoa fedha kwa shirika la hisani la Kiislamu.

Jambo hili la maafikiano ndilo liletalo ubishi barazani hadi leo. Mwalimu mmoja wa madrasa, mtu ninayemheshimu sana, hakubali. "Ikiwa ni haramu siku ya kwanza," asema, "siku ya kumi imehalalishwa na nani? Na hizo pesa za kamari, masikini ana haja nazo gani?" Mzee mwingine, aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, humjibu kwa upole: "Mwalimu, wewe hukuajiriwa na Mzungu. Mtu ana mkataba wa miaka, ana mke na watoto, na tajiri aweza kumtupa nje kesho. Huyu alisema la mbele ya dunia nzima. Wangapi wetu tumesema la mbele ya msimamizi mmoja?"

Mimi nimewasikiliza wote wawili, na naona kila mmoja ameshika upande wake wa kamba. Mwalimu ana haki kuihifadhi sheria isipunguzwe. Lakini mzee wa bandarini ameligusa jambo ambalo huwa hatulipimi. Kukataa ni rahisi kwa asiyeombwa. Kanouté aliombwa, tena na watu waliomlipa, katika nchi ambayo wengi hawakuona ubaya wowote katika jambo lile. Hakumtukana mtu, hakuitisha maandamano. Alivua tu kile ambacho dhamiri yake ilikataa, akaingia uwanjani, akafunga.

Aliyenifanya niichukue kalamu, hata hivyo, si mmoja wa hao wazee. Ni kijana mmoja fundi wa simu, ambaye hukaa pembeni ya baraza letu na kusikiliza zaidi kuliko kusema. Siku hiyo alisema. "Ami," akaniambia, "mimi najua ni haramu. Nimesoma kama mlivyosoma nyinyi. Lakini timu ninayoipenda imeandikwa kamari kifuani. Ligi iliwahi kuitwa kwa jina la kamari. Redio yasema kamari, simu yangu yaniletea ujumbe wa kamari alfajiri kabla ya adhana. Nani mwengine aliyeniambia la?" Baraza likanyamaza. Sote twajua kwamba karo ya mdogo wake imekwenda huko, na mama yake ameuza bangili.

Maneno ya kijana huyu hayana chumvi. Kwa miaka kadhaa kampuni moja ya kamari ilizidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, na jina lake likabebwa na ligi kuu yenyewe. Ilipoondoa mkono wake mwaka 2019, vilabu vilibaki vikihangaika kwa mishahara na nauli. Ndivyo ilivyo taabu ya jambo hili. Fedha ile ndiyo iliyowalisha wachezaji, na wengi wao ni vijana wetu wenye wazazi wa kuwatunza. Hatuwezi kusimama kando tukalaani huku sisi wenyewe hatununui tikiti wala jezi, wala hatuchangii hata shilingi ya mpira wa mazoezi. Atakaye timu ya pwani isivae kamari, na aitafutie kitu kingine cha kuvaa.

Na hapa tena Kanouté ana la kutufundisha, kwani hakuishia kwenye kukataa. Waislamu waliutawala mji wa Sevilla kwa zaidi ya miaka 500, hadi ulipotekwa mwaka 1248. Mnara wake mashuhuri uitwao Giralda, ambao leo hubeba kengele za kanisa kuu, ulikamilishwa mwaka 1198 uwe mnara wa adhana. Mwishoni mwa mwaka 2007 Waislamu wa mji huo huo walikuwa wakiswali katika jengo la kupanga. Mkataba ukawa umekwisha, na mwenye jengo akataka kuliuza. Kanouté akatoa mfukoni mwake zaidi ya yuro 510,000, fedha ambazo magazeti yalizilinganisha na mshahara wake wa karibu mwaka mzima, akalinunua ili swala isikatike.

Nikiwasimulia watu wa baraza habari hii, hakuna anayeuliza alifunga mabao mangapi mwaka ule. Sisi tulio katika miji yenye misikiti ya wakfu iliyoachwa na mababu, misikiti ambayo twaikuta asubuhi iko wazi na maji yapo birikani, huwa hatufikirii kwamba mtu aweza kufika magharibi asijue atasujudu wapi. Kanouté aliweka sadaka ya kuendelea, sadakatul jaria, katika mji ambao si wake wala si wa babake. Na jengo lile lilipokuwa dogo kwa watu wake, mwaka 2019, miaka sita baada ya kustaafu, alijitokeza kuongoza mchango wa kutafuta kituo kikubwa zaidi. Nchini Mali nako, wakfu wake umejenga kijiji cha watoto wasio na wazazi, kiitwacho Sakina.

Wako pia wamkumbukao kwa usiku mmoja wa Januari 2009, wakati mabomu yalipokuwa yakianguka Gaza. Katika mechi ya Kombe la Mfalme dhidi ya Deportivo alifunga bao, akainua jezi yake, na fulana ya ndani ikaonekana imeandikwa jina la Palestina kwa lugha mbalimbali. Alionyeshwa kadi ya manjano, na baadaye akatozwa faini ya yuro 3,000. Hapa kwetu fulana za namna hiyo zilionekana mitaani kwa miezi mingi.

Wala yasidhaniwe kwamba kwa mambo haya watu wa Sevilla walimchukia. Mji ule ni wa Wakristo, na mashabiki wa klabu ile hubeba sanamu za watakatifu wao mitaani kila Pasaka. Hata hivyo walimpenda Kanouté mapenzi makubwa, na Mei 2012 waliagana naye kwa majonzi. Waliona mtu anayefunga Ramadhani na bado akijituma uwanjani, mtu asiyewadharau katika dini yao wala kuificha ya kwake. Muungwana ni kitendo, na kitendo hakihitaji mkalimani.

Yule kijana fundi wa simu aliniomba nimwandikie jina la Kanouté, alitafute mwenyewe amwone alivyocheza. Nilimwandikia, na chini yake nikaandika "Sevilla, 2006", ili aione ile jezi tupu. Sijui kama picha ya mchezaji yaweza kumzuia mtu asiutie mkono mfukoni. Lakini alikuwa ameuliza nani mwengine aliyesema la, na si haki swali kama lile kukosa jibu.

Kwako Kanouté, popote ulipo, sisi mashabiki wako wa mbali tuliokujua kwa kufungwa nawe mabao mawili, twakuombea kwa Mwenyezi Mungu umri mrefu na afya. Na kwa wazee na matajiri wa pwani yetu nasema hivi: msimu ujao vijana watahitaji jezi. Nyuzi zipo, mafundi wapo, na kifua cha jezi bado hakijaandikwa kitu.